Fundi wa rangi wa Bel-Air: tathmini ya kazi ya kulinganisha rangi iliyochujuka kwenye glaida ya zamani

Tangu Juni hadi Agosti mwaka huu nimekuwa mteja wa duka dogo la rangi za magari lililoko mtaa wa Bel-Air, komini ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Sikulifuata kwa ajili ya gari. Nilikwenda nikiwa nimebeba, ndani ya shuka, kiwiliwili cha glaida ya kuongozwa kwa redio, yaani ndege ndogo isiyo na injini ambayo wazee wetu huiita planeri kwa kufuata Kifaransa, na shida yangu ilikuwa moja tu: nilitaka rangi mpya ikae juu ya kiraka kana kwamba imekuwapo siku zote. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wachache wenzangu wanaofufua ndege za namna hii, kwa sababu kila mmoja wetu hufika mahali pale pale, ambapo kazi ya mbao na faibaglasi imekwisha salama, halafu rangi ikaiharibu yote.

Glaida yenyewe ilikuwa ya marehemu baba mdogo, ambaye aliipata kwa mhandisi mmoja wa migodi aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Urefu wa mabawa yake ni mita tatu kasoro kidogo. Kiwiliwili ni cha faibaglasi chenye jelikoti nyeupe, yaani tabaka la juu la resini (ile gundi ngumu ya faibaglasi) lililotiwa rangi, na pua, ncha za mabawa na usukani wa mkia ni vyekundu, kwa kuiga glaida kubwa zinazobeba watu. Mpangilio huo si urembo mtupu, kwani glaida kubwa za faibaglasi hupakwa nyeupe ili jua lisiipashe resini moto hadi ikalegea, na rangi kali huachiwa sehemu ndogo tu ili ndege ionekane kwa mbali. Nilikuwa na viraka viwili vya kufunika: kimoja puani, kilichotokana na kuanguka, na kingine kwenye shina la mkia, ambapo faibaglasi ilikuwa imepasuka kwa urefu wa kiganja. Watu waliniuliza kwa nini nisiipake yote upya nikamaliza kazi. Jibu langu ni kwamba rangi ni uzito, na uzito kwenye glaida ni adui. Lakini zaidi ya hilo, ubavuni kuna nambari ambayo baba mdogo aliichora kwa brashi, kwa mkono wake mwenyewe, na sikuwa tayari kuona inafunikwa.

Kabla ya kufika Bel-Air nilikuwa nimejaribu kwingine, katika duka moja la katikati ya mji ambalo sina haja ya kulitaja. Wana kifaa cha kupima rangi kwa mwanga, kile wanachokitumia kwa magari, na walikiweka juu ya pua, wakasoma namba, wakanichanganyia kopo kwa robo saa. Rangi ile ilikuwa safi, ang'avu, na ilikaa juu ya kiraka changu kama kiraka kipya kwenye kanzu kuukuu. Kifaa hakikuwa kibovu. Kifaa cha namna hiyo kinataka kikalie sehemu bapa ili mwanga wa nje usiingie, ilhali pua ya glaida ni mviringo kama papai. Tena uso uliopauka hutawanya mwanga, na kinachosomwa ni unga ulio juu pamoja na rangi iliyo chini yake. Isitoshe, programu yao iliniletea rangi ya gari iliyo karibu zaidi katika orodha, yaani rangi iliyozaliwa kiwandani, wala haikuniletea rangi iliyokwisha kukaa juani miaka arobaini.

Fundi wa Bel-Air ni mtu mzima, na wateja wote humwita Papa. Siku ya kwanza hakugusa mizani wala kopo. Alichukua kiwiliwili, akatoka nacho nje, akakigeuzageuza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: «Mwanangu, unataka ifanane na hii ninayoishika, ao na ile ya wakati ndege ilikuwa mupya?» Nilimjibu kwamba nataka ifanane na ya leo. Akasema, «Basi uniachie siku tatu, na usinihimize.» Swali hilo peke yake lilitosha kunifanya nimwamini, kwa maana ndilo swali linalopaswa kutangulia mengine yote katika kazi hii.

Kuna jambo alilonionyesha asubuhi hiyo ambalo sikuwa nimelitenganisha vizuri kichwani mwangu, nalo ni tofauti kati ya kuchujuka na kupauka. Rangi ikichujuka, chembe zenyewe zinazotoa rangi zimevunjwa na mionzi mikali ya jua, na hakuna sabuni wala msasa utakaozirudisha. Rangi ikipauka, chembe bado zipo, ila resini iliyozishikilia imeliwa na jua na kuacha unga mweupe juu. Nyekundu na machungwa nyingi za zamani huchujuka. Nyeupe, ambayo chembe zake ni za titani dioksidi, haichujuki bali hupauka, na resini ya poliesta iliyo ndani ya jelikoti hugeuka manjano kidogo kidogo. Kipimo chake ni rahisi ajabu. Alilowanisha kitambaa safi kwa maji akapitisha juu ya pua: pale ambapo nyekundu ilirudi kuwa nzito kwa muda maji yalipokuwa bado hayajakauka, ugonjwa ulikuwa kupauka, pale ambapo ilibaki na umachungwa hata ikiwa imelowa, ugonjwa ulikuwa kuchujuka. Kwenye pua yangu yalikuwapo yote mawili, juu zaidi kuliko chini, na chini ya kiti cha bawa, mahali ambapo jua halijawahi kufika, palikuwa na nyekundu kamili ya asili.

Nilikuwa nimebeba kipepeo cha rangi za RAL, yaani sampuli za rangi zilizofungwa pamoja na kufunguka kama feni, ule mfumo wa Kijerumani ulioanza mwaka 1927 ambao hutambulisha kila rangi kwa tarakimu nne, na nilikitumia kumwonyesha nilichokuwa nimekiona nyumbani. Nyekundu iliyofichika chini ya bawa ilikuwa karibu sana na RAL 3000. Nyekundu ya nje ilikuwa kati ya 3016 na 2002 bila kuwa sawa na hata moja. Nyeupe ya tumboni ilikaribia 9010, lakini ya mgongoni ilikuwa imesogea kuelekea 9001, ambayo ina rangi ya krimu ndani yake. Fundi alizitazama kwa heshima, akaniambia kwamba kipepeo kinafaa kuonyesha mtaa, wala hakionyeshi nyumba. Nakubaliana naye. Kwa anayefanya kazi hii, kipepeo cha RAL ni pa kuanzia tu. Atakayenunua kopo kwa namba na kulipaka moja kwa moja atapata kile nilichokipata katikati ya mji.

Sasa niieleze kazi yenyewe, maana hapo ndipo ubora wa duka hili ulipo. Alianza na nyeupe kwa kuwa ndiyo ngumu zaidi. Jicho la mtu husamehe nyekundu iliyokosea kidogo, lakini nyeupe iliyokosea huonekana mara moja. Anapima kwa mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, na kila nyongeza anaiandika kwa kalamu kwenye karatasi. Fomula yangu ya mgongoni, katika kila gramu 100 za nyeupe, ilikuwa na gramu 1.3 za manjano ya oksidi ya chuma, gramu 0.3 za nyeusi, na nyekundu ya oksidi ya chuma isiyofika gramu 0.2. Nilimuuliza kwa nini hakutumia manjano ang'avu ambayo ilikuwa pale pale kwenye rafu. Alisema kwamba rangi za oksidi ya chuma hazisumbuliwi na jua, na kwa kuwa jelikoti ya zamani imekwisha kubadilika sehemu kubwa ya kubadilika kwake, kiraka nacho kinapaswa kuwa na rangi isiyohama, la sivyo baada ya misimu miwili vitaachana tena.

Kwa nyekundu alinifundisha jambo jingine. Mtu anayetaka kuizeesha nyekundu hukimbilia nyeusi, na matokeo yake ni rangi ya damu iliyoganda. Yeye alipunguza ukali wake kwa kijani, tone baada ya tone, kisha akaiinua kwa nyeupe kidogo na machungwa ya udongo. Kijani na nyekundu huuana nguvu bila kuleta giza kama la nyeusi, na nilichokiona kikombeni ni nyekundu iliyotulia, kama kitenge kilichofuliwa mara nyingi na bado kinavaliwa kwa fahari.

Hakuna rangi aliyoihukumu ikiwa mbichi. Alikata vibati kutoka makopo ya maziwa ya unga, akavipaka praima ile ile niliyoitumia kwenye viraka, akavipulizia rangi kwa pistole, yaani bomba la kupulizia, na kuviacha vilale hadi kesho yake, kwa kuwa rangi nyingi huongeza uzito wa weusi zikikauka. Katikati ya kila kibati alikuwa ametoboa tundu la ukubwa wa sarafu. Kibati hicho hukilaza juu ya rangi ya zamani, na rangi ya zamani huchungulia katika tundu ikiwa imezungukwa na mpya pande zote. Kama tundu linaonekana, rangi haijafanana, na kama tundu linapotea machoni, kazi imekwisha. Vibati vya nyeupe vilifika saba kabla ya tundu kupotea. Vya nyekundu vilikuwa vitano.

Mahali pa kutazamia pia pana umuhimu, na hapa niwatahadharishe wanaofuata mashauri ya Ulaya. Huko huambiwa watazame rangi kwenye mwanga wa upande wa kaskazini, kwa kuwa jua lao hupita kusini na kaskazini hubaki na mwanga uliotulia. Kwetu Lubumbashi, tulioko kusini mwa ikweta, mwezi wa Juni jua hupita kaskazini, kwa hiyo kivuli kitulivu kiko upande wa kusini wa nyumba. Fundi hajasoma shauri hilo popote. Yeye anajua tu kwamba meza yake ya kutazamia iko nyuma ya ukuta wa kusini, na kwamba baada ya saa nne asubuhi hatazami tena, kwa sababu vumbi jekundu linaloinuka barabarani hutia wekundu katika kila kitu.

Upakaji wenyewe aliufanya kwa kufifisha. Hakuishia kwenye ukingo wa kiraka. Alipunguza presha ya kompresa, akaitanua rangi kama ukungu juu ya rangi ya zamani kwa sentimita kumi hivi, ikizidi kuwa nyepesi hadi ikapotea. Mgongoni alitumia nyeupe ya mgongo, tumboni nyeupe ya tumbo, na ubavuni akazipisha moja juu ya nyingine. Siku tatu baadaye nilipitisha msasa wa maji namba 2000 kwenye ukingo na kumalizia kwa dawa ya kung'arisha. Leo hii, kwenye shina la mkia, mimi mwenyewe hutafuta kiraka kwa kidole, kwa kuwa jicho halikioni.

Kasoro zipo, na mteja anayefikiria kwenda anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni uzito. Fundi huyu amezoea magari, na kwenye gari nusu kilo ya rangi si kitu. Mara ya kwanza alipopaka shina la mkia, niliweka kiwiliwili kwenye mizani nikakuta gramu 31 zimeongezeka, wakati mimi nilitarajia 12. Glaida ina pua fupi na mkia mrefu. Kwenye ndege yangu umbali kutoka mahali pa mizania, yaani pale ndege inapolingana mbele na nyuma, hadi mkiani ni mara tatu na nusu ya ule wa puani, kwa hiyo gramu 19 zilizozidi zingenidai madini ya risasi karibu gramu 66 ndani ya pua ili kuzisawazisha. Ilibidi tusugue tabaka mbili na kurudia. Hakunitoza fedha kwa kurudia, lakini siku nne zilipotea. Tangu hapo nimekuwa nikimwandikia kwenye mkanda wa karatasi uzito wa mwisho ninaoukubali, naye anaufuata kwa uaminifu.

Ya pili ni mng'ao. Rangi yake ya kwanza ilifanana kabisa kwa rangi, na bado ilionekana ngeni kwa sababu iling'aa kama kioo pembeni mwa jelikoti iliyokufa macho. Uso unaong'aa huonekana mzito na mweusi zaidi kuliko usiong'aa hata kama fomula ni moja. Alikuwa na dawa ya kuondoa mng'ao dukani, ila hakuifikiria mpaka nilipoitaja. Nawashauri mlete sehemu ya zamani iliyokwisha kusafishwa kwa sabuni na kung'arishwa kidogo, ili alinganishe na mng'ao utakaobaki, wala si na unga utakaoondoka wiki ijayo.

Ya tatu inanisikitisha kuliko zote. Kijana anayemsaidia hupulizia rangi akiwa amejifunga kitambaa tu puani. Rangi za kuchanganya na dawa ya kukaushia huwa na aisosaineti, kemikali kali, ndani ya dawa hiyo, na ukungu wake huharibu mapafu kwa namna ambayo kitambaa hakiwezi kuizuia. Inahitajika maski inayoletewa hewa safi kwa mpira, au angalau yenye vichujio vya kemikali. Nililisema jambo hili kwa adabu, mbele ya fundi, na nililisema tena niliporudi. Sijaona maski. Kazi ya mikono mizuri kiasi hiki inastahili mapafu mazima, na siku nitakapoikuta maski ukutani nitaiandika habari hiyo kwa furaha.

Kuna kazi moja ambayo duka hili haliiwezi, nayo ni filamu, yaani plastiki nyembamba yenye rangi ya kufunikia mabawa. Mabawa yangu ni ya povu lililovikwa mbao nyembamba ya obeche, na ncha zake zimefunikwa kwa filamu ya kupigwa pasi, ya aina ya Oracover. Fundi alijaribu kupaka rangi juu ya kipande nilichomletea. Ilishika vibaya na kubanduka kwa ukucha. Tena kusafisha filamu ya zamani kwa thina ni hatari, kwa kuwa katika baadhi yake rangi imo ndani ya gundi, na thina ikipenya ukingoni huiyeyusha. Nilirudi nyumbani nikajaribu njia yangu: nilikata vipande vya filamu mpya, nikavipigilia kwenye ubao juu ya bati la nyumba, nusu ya kila kipande ikiwa imefunikwa, nikaviacha wakati wote wa kiangazi. Machungwa ya kumeremeta ilichujuka upesi, ndani ya wiki chache. Nyekundu ya kawaida ilikuwa haijabadilika kwa kiasi cha kutosha hata mwisho wa Agosti. Nimelazimika kutoa filamu kutoka upande wa chini wa bawa, uliochujuka kidogo tu, na kuihamishia juu, kisha mpya nikaiweka chini ambako haionekani ndege ikiwa mezani.

Bei ni ya haki. Nililipa dola 15 kwa kila gramu 100 za rangi iliyolinganishwa, vibati vya majaribio vikiwa ndani ya bei hiyo, na upakaji ulikuwa dola 20 kwa kiwiliwili chote. Katikati ya mji waliniuzia lita nzima ambayo sikuihitaji, kwa kuwa hawakukubali kuchanganya kidogo. Huyu huchanganya hata gramu 50. Kinachogharimu zaidi ni muda: mwezi mmoja kwa viraka viwili. Nisingempelekea kazi yenye haraka, na nisingempelekea kazi katika msimu wa mvua, maana hupuliza uani. Asubuhi hulowanisha ardhi kwanza ili vumbi litulie. Hata hivyo chembe mbili ziliingia, nazo nikaziondoa kwa msasa.

Jambo moja limebaki. Usiku, chini ya taa ya LED ya sebuleni, kiraka cha pua huonyesha upinki kidogo ambao mchana haupo. Nilidhani rangi imeanza kuhama, lakini asubuhi tundu la kibati lilipotea kama kawaida. Ni kwa sababu chembe za rangi yake si zile zile zilizotumika kiwandani. Rangi mbili zilizoundwa kwa chembe tofauti zinaweza kufanana chini ya jua na kutengana chini ya taa. Fundi alijitolea kuirekebisha bila malipo. Nilimwomba aiache, kwa kuwa ndege hii nitairusha Septemba, mchana, hewa ya moto inapoanza kupanda. Karatasi ya fomula zake, pamoja na kibati kimoja cha kila rangi, nimevifunga kwa nailoni na kuviweka ndani ya kiwiliwili, nyuma ya betri.